Kingamwili ya GAPDH: dhana potofu na ukweli wake

"Hiyo si dawa ya kisukari?" Ndivyo wengi wanavyodhani wakisikia kingamwili na sukari vikitajwa pamoja. Siyo. GAPDH ni kimeng'enya cha hatua ya sita kati ya kumi za kuvunja glukosi ndani ya seli, na kingamwili yake inayouzwa kwa ajili ya utafiti hufanya jambo moja: huishika protini hiyo ili ionekane. Haimpimi mgonjwa wala haimtibu.

"GAPDH haibadiliki, ndiyo maana tunailinganishia." Hapa ndipo penye shughuli. Katika westani bloti, protini hutenganishwa kwa ukubwa kwenye jeli, zikahamishiwa kwenye utando, kisha kingamwili ikaitafuta ile inayotakiwa. Kuthibitisha kwamba kila kisima, yaani tundu la jeli linalowekwa sampuli, kilipata protini sawa, watafiti huonyesha na mstari wa GAPDH, karibu na kilodaltoni 37 (kipimo cha ukubwa wa protini). Desturi hiyo imeenea mno kiasi kwamba wengi hawaihoji. Lakini seli zikikosa oksijeni, HIF-1, protini inayowasha jeni oksijeni inapopungua, huchochea jeni za kuvunja glukosi, ya GAPDH ikiwemo. Na katika seli za mafuta insulini nayo huipandisha. Anayechunguza uvimbe wa saratani au kisukari kwa kipimo hiki ni sawa na fundi anayepima kitambaa kwa futi ya mpira.

"Mistari ikilingana, basi protini zililingana." Jaribu mwenyewe: weka mikrogramu 5, 10, 20 na 40 za sampuli ileile. Kwa kuwa seli imejaa GAPDH, si ajabu mstari wa 20 na wa 40 ukatoka na weusi uleule, kwa sababu ishara imeshafika kikomo. Kisima kimoja kina protini maradufu ya kingine, na picha imenyamaza! Punguza protini, au zimua kingamwili zaidi, mpaka weusi upande kadiri kipimo kinavyopanda. Au paka utando rangi ya Ponceau uzione protini zote. Mimi naiamini rangi hiyo kuliko mstari mmoja uliotoka vizuri.

"Kingamwili ya monoklonali, inayotoka kwenye ukoo mmoja wa seli, haikosei." Mbinu ya Köhler na Milstein, iliyotangazwa mwaka 1975 na kupata Nobel mwaka 1984, hutoa kingamwili zinazotambua sehemu moja tu ya protini. Sehemu hiyo inaweza kufanana na kipande cha protini nyingine. Tena, iliyofaulu kwenye bloti, ambako protini imekunjuliwa kwa joto na SDS (aina ya sabuni), inaweza isishike kitu kwenye tishu.

"Ikionekana kwenye kiini cha seli, kuna uchafu." Si lazima. Seli ikielekea kufa kwa msongo, GAPDH huweza kuhamia kwenye kiini. Kwa hiyo anayeitumia kama alama ya saitoplazimu, yaani sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, huku seli zake amezitia sumu, atafute alama nyingine ya kuandamana nayo.