Mzee akichanganyikiwa ghafla, pima presha kwanza

Mama mmoja wa miaka 70 na ushee aliletwa kwetu na binti yake Jumatatu asubuhi. Tangu Jumamosi alikuwa akilalamika kichwa, hasa kisogoni. Jumapili akatapika mara mbili. Jumatatu alfajiri alishika chupa ya chai akaanza kumimina pembeni ya kikombe; chai ikatapakaa mezani, naye akaendelea kumimina. Binti alipomuuliza, "Mama, huoni?" akajibu kwamba anaona vizuri tu. Nyumbani kila mtu alikuwa na lake. Mjomba alisema ni uzee, jirani akasema malaria imempanda kichwani, shangazi akawa ameshaanza kutafuta mtu wa kumsomea dua. Hakuna aliyempima presha. Alipofika mapokezi ilisoma 224 kwa 126.

Nilimmulika macho kwa tochi. Mboni zilisinyaa kama kawaida, kwa hiyo macho yenyewe yalikuwa mazima. Tatizo lilikuwa nyuma kabisa ya ubongo, upande wa kisogo, mahali panapopokea picha kutoka machoni na kuzitafsiri. Sehemu hiyo ikizimika mtu anapofuka ilhali macho hayana kasoro, na wapo wanaokataa katakata kwamba hawaoni. Hawasemi uongo, ubongo wao haujui kwamba hauoni. Kabla hatujamaliza kumchukua maelezo, mama huyu alipata degedege.

Hali hii si ngeni kwa madaktari. Mwaka 1928, Oppenheimer na Fishberg waliieleza huko Marekani kama ugonjwa wa ubongo unaoletwa na presha. Mwaka 1996, Hinchey na wenzake wakaandika kuhusu wagonjwa 15 ambao picha zao zilionyesha ubongo umevimba upande wa nyuma, kisha uvimbe ukapungua au kuisha baada ya matibabu. Leo tunaiita kwa kifupi PRES, yaani posterior reversible encephalopathy syndrome. Neno lililo muhimu kwa familia katika jina hilo refu ni "reversible", linalosema kwamba ugonjwa huu unaweza kurudi nyuma, ubongo ukawa kama ulivyokuwa.

Aliyewahi kuona mkulima wa Kilimanjaro akiongoza maji ya mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia shamba, atanielewa haraka. Maji yakija mengi anaziba kidogo, yakipungua anazibua, ili miche ipate kiasi kilekile siku zote. Mishipa midogo ya ubongo hufanya kazi hiyo usiku na mchana. Presha ikipanda inajibana, ikishuka inajiachia. Kwa mtu mzima mwenye afya, inaweza kuhimili presha ya wastani, ile iliyo kati ya namba ya juu na ya chini, kuanzia kama 60 hadi 150 hivi. Ikipita hapo, hasa ikipanda kwa kasi, mishipa inashindwa kujibana na majimaji ya damu yanavuja kuingia kwenye nyama ya ubongo. Ubongo unavimba. Upande wa nyuma huumia zaidi kwa sababu mishipa yake ina nyuzi chache za fahamu zinazoisaidia kujibana.

Lakini udongo uliolowa si miche iliyokufa. Maji yakipunguzwa kwa mpango, shamba linarudi. Ndiyo maana wengi wa wagonjwa hawa hupata nafuu ndani ya siku chache au wiki chache. Wakicheleweshwa, mshipa unaweza kupasuka au sehemu ya ubongo ikafa kabisa, na hapo hakuna kurudi nyuma tena.

Kwa wazee kuna jambo ambalo ningependa kila mwenye mzazi alijue. Mtu aliyeishi na presha ya kupanda miaka mingi, mishipa yake imezoea maji mengi. Anaweza kutembea na presha ambayo ingemlaza kijana, ila hahimili kushushwa ghafla. Ukimkatia maji kwa mkupuo, miche inanyauka, yaani anapata kiharusi kilichosababishwa na dawa. Kile kidonge cha nifedipini kinachotobolewa na kudondoshewa mgonjwa chini ya ulimi, ambacho bado nakisikia kwenye masimulizi ya familia, ni cha hatari kwa sababu hiyo hasa. Vivyo hivyo kumeza dozi mbili au tatu kwa pamoja "ili ishuke upesi". Hospitalini tunatumia dawa za mshipani na kupima kila baada ya dakika chache, na kwa kawaida katika saa ya kwanza hatushushi zaidi ya robo ya presha aliyokuja nayo. Ndugu wakiona mashine bado inasoma 170 wanadhani tumemtelekeza. Tunamshusha ngazi moja moja.

Tunapiga pia picha ya ubongo, kwa sababu kiharusi kinaweza kufanana na hali hii na kila kimoja kina utaratibu wake wa kushusha presha. Kipimo cha CT kinaweza kuonekana safi siku za mwanzo. MRI huona zaidi.

Mama yule alikuwa ameacha dawa kwa majuma matatu. Alisafiri kijijini kwenye msiba, vidonge vikamwishia, na kwa kuwa alijisikia vizuri hakuona sababu ya kusumbua mtu. Huko huko goti lilimsumbua, akawa anameza diklofenaki kila siku. Mambo hayo mawili yanatosha. Kuacha dawa ghafla kunaweza kurusha presha juu, na klonidini ndiyo mbaya zaidi kwa hilo. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuumiza figo, na figo mbovu nazo huipandisha zaidi. Wanaotumia dawa za saratani, au za kuzuia mwili kukataa figo iliyopandikizwa, wanaweza kupata PRES hata kama presha yao haijapanda sana.

Mzee akianza kuchanganyikiwa ndani ya saa au siku chache, usiseme ni uzee. Usahaulifu wa uzeeni huja polepole, kwa miezi na miaka. Mpime presha akiwa ameketi, mkono ukiwa usawa wa moyo. Ikifika 180 kwa 120 au zaidi, na ana kichwa kikali, kutapika, ukungu wa macho, maneno yasiyoeleweka au degedege, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Kama namba ni kubwa lakini hana dalili yoyote, apumzike dakika 5, mpime tena, na kama haijashuka wasilianeni na daktari siku hiyo. Aliyechanganyikiwa asipewe kitu mdomoni, iwe maji, ndimu au kidonge, kwani kinaweza kumpalia. Akipata degedege mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni. Chukueni na mfuko wa dawa zake zote, hata zile za goti, na mwambieni daktari ukweli kama alikuwa ameziacha. Hatugombezi mtu kwa hilo, tunahitaji kujua.

Siku ya 5 mama yule aliweza kusoma namba kwenye saa ya ukutani. Binti aliniuliza swali ambalo familia nyingi huuliza, kama sasa mama ana kifafa na atameza dawa za degedege maisha yake yote. Kwa wengi jibu ni hapana. Degedege lilitokana na ubongo kuvimba, na uvimbe ukiisha, dawa hizo daktari huzipunguza na kuziondoa baada ya wiki au miezi kadhaa. Za presha ndizo zinazobaki. Tulimpa za mwezi mzima, na binti akaandika kwenye kalenda ya jikoni siku ya kwenda kuchukua nyingine, wiki moja kabla hazijaisha.