Mtoto wangu anasomea meli, mbona anashinda kwenye kompyuta?

Hilo swali aliniuliza mzee mmoja pale Mwaloni Kirumba, shikamoo nimeitoa na yeye akanishika mkono kabisa, akasema nimelipa ada mwalimu, mnamchezesha gemu? Najua wazazi wengi hapa Mwanza wanalo.

Hiyo kompyuta ni simuleta ya chumba cha injini, sio gemu wazee wangu. Kuna paneli, geji, swichi na alamu kama za melini, na nyuma yake programu inahesabu kila kitu, ukifunga valvu ya maji ya kupooza joto linapanda taratibu, alamu inalia, ukizubaa injini inajizima. Sasa MV Mwanza inabeba abiria 1,200, nani atakuruhusu uifunge hiyo valvu watu wako juu?

Zoezi ninalolipenda ni umeme kukatika meli nzima. Mimi nakaa chumba cha pembeni nabonyeza, taa zinazima, pampu zinanyamaza, injini kubwa nayo kimya. Sheria za SOLAS, zile za kimataifa za usalama wa maisha baharini, zinataka jenereta ya dharura iwe imeshatoa umeme ndani ya sekunde 45, na hapo ndo unamjua mwanafunzi. Kijana mmoja umeme uliporudi tu akakimbilia kuwasha injini kubwa, hajaangalia pampu ya mafuta imerudi au la, na injini kubwa nyingi za meli zinawashwa kwa hewa iliyoshindiliwa, presha yake bar kama 30 hivi, basi anabonyeza, injini inazungushwa na hewa lakini haishiki, anabonyeza tena, geji inashuka, tena, mpaka hewa ikaisha. Akabaki anaitazama geji. Tulirudia mara nne siku ileile, ya nne akaanza na pampu zake moja moja, hewa akaitunza mpaka mwisho, ikashika mara moja.

Angefanya vile kwenye mawimbi ya huku kuelekea Ukerewe usiku, meli isiyo na injini inageuzwa ubavu.

Ila simuleta haina joto wala harufu ya dizeli, na nati iliyoganda haiwezi kukufundisha. Ndo maana STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo na vyeti vya mabaharia, bado inadai mafunzo ya karakana na ya melini, jumla isiyopungua miezi 12. Kwaiyo mzee wangu, ovaroli mnunulie tu, ataichafua.