Silinda mpya ya kitasa ikigoma: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Msimu wa mvua uliopita nilibadilisha silinda ya mlango wa mbele, kile kipande cha kitasa kinachoingia ufunguo, hapa Shangani, Mtwara. Ya zamani ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari. Mpya ikaingia vizuri, ufunguo ukazunguka, nikafunga mlango. Sasa kufunga kwa ufunguo, wapi! Mzee jirani alishatoa hukumu akiwa barazani kwake: "Mwanangu, umeuziwa feki, rudisha dukani."

Hiyo ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, kwamba silinda mpya ikikwama basi ni mbovu. Kabla ya kumfuata muuzaji, fungua mlango uzungushe ufunguo mlango ukiwa wazi. Ukizunguka bila shida, silinda haina kosa. Ulimi wa kitasa unagonga bati la fremu badala ya kuingia kwenye tundu lake. Mvua zetu za kusini zikishika, mbao hunywa unyevu na kuvimba. Pengine bawaba zimelegea, mlango umeshuka. Paka chaki kwenye ncha ya ulimi, funga mlango, jaribu kuzungusha, kisha utazame alama imebaki wapi kwenye bati. Kwangu ilibaki pembeni kabisa, ukingo wa chini. Nilikaza skrubu za bawaba, nikalipiga bati tupa kidogo, kazi ikaisha. Mzee hajasema neno mpaka leo.

Ufunguo ukigoma hata mlango ukiwa wazi, ndipo uichomoe silinda. Fungua skrubu ndefu iliyo ubavuni mwa mlango, usawa wa silinda, halafu ingiza ufunguo uuzungushe kidogo mpaka kile kijino cha katikati kijifiche. Usipokificha utavuta mpaka magharibi. Ikiwa mkononi, jaribu funguo zote ulizopewa. Ukikwama mmoja tu, mbaya ni huo ufunguo. Zikikwaruza zote, hapo mzee ana haki: irudishe. Na zikizunguka zote laini, tazama boksi la kitasa lililobaki mlangoni, au hiyo skrubu uliyoitoa.

Maana kuna wanaoamini skrubu hiyo ikazwe mpaka mkono uanze kuuma. Ikizidi, huivuta silinda upande na kuibana ndani ya kitasa, ufunguo ukawa mzito. Ilegeze robo mzunguko ujaribu tena. Nimeona watu wakinunua silinda ya pili kwa kosa la robo mzunguko.

Kisha kuna "tia mafuta". Huku nazi haijatupa taabu, basi mafuta ya nazi hupelekwa kila penye mlio! Ndani ya silinda ya kawaida mna vipini vidogo, mara nyingi vitano au sita, na kila kimoja kina springi yake. Ufunguo huviinua kwa vimo tofauti ndipo silinda izunguke. Mafuta ya kupikia hulainisha siku mbili tatu, kisha hushika vumbi na kuganda, vipini vikashindwa kucheza. Chukua penseli, paka meno ya ufunguo mpaka yawe meusi, uingize na kuutoa mara kadhaa. Ile nyeusi ya penseli ina grafaiti, hulainisha ikiwa kavu.

Na saizi si moja. Pima kutoka katikati ya tundu la skrubu hadi kila ncha: 30 kwa 30 ni milimita 60 jumla, 30 kwa 40 ni 70, na 35 kwa 35 nayo ni 70 lakini haikai sawa na hiyo ya pili. Nenda dukani na ya zamani mkononi. Inayochomoza sana nje humpa mwizi pa kushika kwa koleo, na silinda hukatikia palepale penye tundu la skrubu, ndipo palipo pembamba.

La mwisho huwapata watu usiku: ufunguo wa nje hauzamii wote, wanasema silinda imekufa. Silinda nyingi za funguo pande mbili hazifunguki kwa nje kama kwa ndani kuna ufunguo uliochomekwa. Gonga mlango, mwambie aliye ndani achomoe wake.