Je, wajua kwa nini kipimo cha mapafu huweza kuwasha ubongo?

Mtu anayehema kwa shida, madaktari wakishuku damu imeganda mapafuni mwake, anaweza kupimwa kwa dawa ya mionzi. Huchomwa sindano ya mshipa mkononi, akalazwa chini ya kamera ya gama, inayonasa mionzi hiyo, na picha inayotarajiwa ni ya mapafu mawili basi. Lakini wapo ambao ubongo, figo au tezi ya shingo navyo huwaka pichani. Kwa nini?

Dawa hiyo ni chembe za albumini, protini ya damu, zilizofungwa na teknesiamu-99m, elementi inayotoa mionzi. Nyingi zina upana wa mikromita (sehemu za milioni za mita) 10 hadi 90, na kapilari za mapafu, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, ni nyembamba kuliko hapo. Mvuvi wa Igombe ataelewa mara moja: sangara hapenyi tundu la wavu wa dagaa. Damu kutoka mkononi huingia moyo upande wa kulia, kisha mapafuni, na chembe hunasa humo. Hazimwumizi mgonjwa, huziba takribani mshipa mdogo 1 kati ya 1,000, tena kwa saa chache tu.

Zikifika ubongoni, basi zimepata njia ya kukwepa mapafu. Huenda moyo una tundu linalovusha damu kutoka kulia kwenda kushoto. Huenda pia ini linaugua na kapilari za mapafu zimetanuka. Hili la pili litushughulishe sana sisi wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu kichocho cha tumbo, tunachokipata majini, huharibu ini polepole. Mgonjwa wa namna hii huweza kuhema zaidi akisimama na kupata nafuu akilala. Hesabu ya picha ya ubongo ikionyesha kuwa zaidi ya asilimia 6 ya dawa imekwepa mapafu, madaktari huhesabu kuwa njia ya mkato ipo. Kama unajua una tundu la moyo, sema kabla ya sindano, upewe chembe chache.

Tezi ya shingo na tumbo zikiwaka, mara nyingi tatizo ni la dawa: teknesiamu imeachana na albumini, na tezi huinyakua kama inavyonyakua madini joto. Teknesiamu hiyo huru haivuki kuingia kwenye ubongo. Kwa hiyo picha ya kichwa ndiyo inayoamua. Figo hazitoshi, maana teknesiamu huru nayo hutoka kwa mkojo.