Siku 18, siku 39, siku 123: hesabu za filamu inayowahi kufika nyumbani

Chukua filamu tatu za studio ya Universal zilizotoka ndani ya mwaka mmoja na nusu. The Fall Guy iliingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 3 Mei 2024, na tarehe 21 mwezi huohuo ilikuwa tayari inakodishwa mtandaoni. Siku 18. Wicked ilitoka tarehe 22 Novemba 2024, na siku ya mkesha wa mwaka mpya watu walikuwa wanaitazama sebuleni. Siku 39. Oppenheimer, iliyotoka Julai 21, 2023, ilikaa siku 123 kabla ya mtu kuweza kuilipia na kuiangalia nyumbani.

Muda huo kati ya ukumbi na sebule ndio tunaouita dirisha. Kazi yangu ni kupangia kumbi filamu: nasimama kati ya msambazaji na mwenye ukumbi, tunavutana kuhusu maonyesho mangapi kwa siku, wiki ngapi, na nani anachukua asilimia ngapi ya tiketi. Kwa hiyo dirisha linapofupishwa, mimi huliona kwanza kwenye karatasi ya mahesabu kabla sijaliona kwenye habari.

Mjadala huu huwa unaendeshwa kwa idadi ya siku, kana kwamba 17 ni dhambi na 45 ni wokovu. Naona siku ni nusu tu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba wiki zinazokatwa si wiki sawa kwa pande zote mbili, na hilo halisemwi sana kwa sababu linahitaji mtu aangalie mkataba wenyewe.

Tuangalie basi. Mikataba mingi ya kuonyesha filamu hugawa mapato ya tiketi kwa asilimia inayoshuka kadiri wiki zinavyokwenda. Mwanzoni msambazaji anachukua fungu kubwa, baadaye fungu la ukumbi linakua. Tuseme filamu imeuza tiketi zenye thamani ya dola 100,000 wiki ya kwanza, kisha 55,000, 33,000, 22,000, 15,000 na 10,000. Msambazaji anachukua asilimia 60 wiki ya kwanza, 55 ya pili, 50 ya tatu, 40 ya nne, halafu 35 kwa wiki mbili za mwisho. Ni mfano wangu, ila umbo lake atalitambua yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza hizi.

Jumla ni 235,000. Msambazaji anaondoka na 124,300, ukumbi unabaki na 110,700. Sasa tazama wiki ya nne hadi ya sita peke yake. Msambazaji amepata humo 17,550, yaani asilimia 14 ya fungu lake lote. Ukumbi umepata 29,450, karibu asilimia 27 ya fungu lake. Wiki zilezile ni makombo kwa mmoja na ni zaidi ya robo ya chakula kwa mwingine. Ukizifuta wiki hizo tatu, mwenye studio anapoteza kidogo, tena kidogo hicho anakifidia kwa kodi ya mtandaoni, yaani pesa za wanaokodi filamu waitazame nyumbani. Mwenye ukumbi hana cha kumfidia, na kila mtazamaji asiyekuja amepita pia bila kununua bisi na soda, ambako ndiko faida ya ukumbi iliko hasa.

Si kila mkataba uko hivyo. Kuna makampuni makubwa yanayolipa asilimia moja kwa muda wote, au asilimia inayopangwa kwa kuangalia filamu ilifikisha mapato ya jumla kiasi gani. Kwa hao maumivu yanagawanyika kwa namna nyingine. Lakini ukumbi mdogo wenye skrini moja au mbili, wenye mkataba wa kushuka, ndio unaoumia kama nilivyoeleza.

Upande wa studio nao una hesabu zake, na ni haki kuzisema. Kwenye tiketi nchini Marekani studio hubaki na takriban nusu. Kwenye kodi ya mtandaoni ya bei ya juu, ile ya dola 19.99 kwa saa 48, studio hubaki na takriban asilimia 80. Yaani dola 16 kwa kila anayekodi. Ndiyo, familia ya watu wanne inakodi mara moja tu wakati ukumbini ingenunua tiketi nne. Lakini familia hiyo huenda isingekuja kabisa. Halafu kuna matangazo. Zamani studio ilitumia mamilioni kutangaza filamu kwa ajili ya kumbi, ikasubiri miezi, ikatumia tena kutangaza kanda au DVD kwa watu waliokwisha kuisahau. Dirisha fupi maana yake kampeni moja inauza mara mbili. Nikiwa upande wao wa meza ningeipenda hesabu hiyo kuliko hata ile ya asilimia 80.

Na walikuwa wakiipenda kwa muda mrefu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 filamu ilichukua wastani wa karibu miezi mitano na nusu kutoka ukumbini hadi kwenye kanda ya video. Kufikia 2019 ilikuwa karibu miezi mitatu. Kupungua huko kulikwenda polepole, na kila aliyetaka kuruka hatua alirudishwa nyuma. Mwaka 2006 mwongozaji Steven Soderbergh alitoa filamu yake Bubble ukumbini na kwenye televisheni ya kebo siku moja, na DVD ikafuata baada ya siku chache. Makampuni makubwa ya kumbi yalikataa kuionyesha. Mwaka 2010 Disney ilipotaka kuwahisha DVD ya Alice in Wonderland, kampuni ya Odeon nchini Uingereza ilitishia kuisusia. Mwaka 2011 Universal ilipanga kukodisha Tower Heist kwa dola 59.99 wiki tatu tu baada ya kutoka, tena kwa majaribio katika miji miwili, Atlanta na Portland. Wenye kumbi walisema hawataionyesha. Mpango ukafutwa kabla ya filamu kutoka.

Kilichovunja ukuta ni kumbi kufungwa kwa sababu ya korona. Machi 2020, Universal ilizihamishia mtandaoni filamu zilizokuwa zimetoka karibuni, The Invisible Man ikiwamo, kwa dola 19.99. Aprili 10 ikatoa Trolls World Tour moja kwa moja kwa kukodi, na gazeti la Wall Street Journal likaripoti kwamba ilikaribia kuingiza dola milioni 100 katika wiki tatu. AMC, kampuni kubwa kuliko zote za kumbi duniani, ikatangaza kwamba haitaonyesha tena filamu yoyote ya Universal. Tangazo hilo lilidumu miezi mitatu. Julai 28, 2020, hao hao wawili walitia saini: filamu itakaa ukumbini siku zisizopungua 17, yaani wikendi tatu, kisha Universal inaweza kuikodisha kwa bei ya juu na AMC inapata fungu katika kodi hiyo.

Watu walikumbuka 17 wakasahau fungu. Kwangu fungu ndilo lilikuwa jambo kubwa. Kampuni kubwa kuliko zote za kumbi ilikubali kulipwa kwa ajili ya mtu ambaye hakuja. Ukumbi mdogo haukupata ofa kama hiyo, na hata leo ninapouliza najibiwa kwa ukimya wa heshima.

Miezi michache baadaye Cinemark, kampuni nyingine kubwa ya kumbi, walipata makubaliano yao na Universal, na humo kukaingia kipimo: filamu ikifungua kwa dola milioni 50 au zaidi, yaani ikiingiza kiasi hicho wikendi ya kwanza, siku zinakuwa 31. Hapo utaelewa zile siku 18 na 39 nilizoanza nazo. The Fall Guy ilifungua chini ya dola milioni 30, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi mapema. Wicked ilifungua kwa zaidi ya milioni 100, ikasubiri, na ilipotoka mtandaoni studio ikatangaza takriban dola milioni 70 za mauzo na ukodishaji katika wiki ya kwanza. Oppenheimer ni suala la mwongozaji mwenye nguvu ya kudai muda mrefu na kuupata. Mkataba unaweka sakafu tu. Tarehe yenyewe inapangwa na anayeshika kalamu.

Studio nyingine zilihangaika zaidi. Warner Bros. ilitangaza Desemba 2020 kwamba filamu zake zote za 2021 zingeingia HBO Max, huduma yake ya usajili mtandaoni, siku ileile ya ukumbini nchini Marekani, kisha kuanzia 2022 ikaweka dirisha la siku 45. Disney iliiuza Black Widow nyumbani kwa dola 29.99 siku ileile ilipoingia ukumbini, Julai 2021, na mwigizaji wake mkuu, Scarlett Johansson, akaishtaki kwa kuwa malipo yake yalitegemea mapato ya kumbi. Walimalizana Septemba mwaka huo. Kesi hiyo ilifundisha kitu ambacho wenye kumbi walikuwa wamekisema miaka yote bila kusikilizwa: siku ya kwanza ukumbini ndiyo inayoipa filamu bei yake kila mahali pengine.

Hapa niseme jambo linalonikera katika mijadala mingi. Watu huweka kapu moja vitu vitatu tofauti: kodi ya bei ya juu, kodi ya bei ya kawaida inayofuata wiki kadhaa baadaye, na kuingia kwenye huduma ya usajili ambako mtu haoni kama analipia filamu hiyo. Kodi ya dola 20 hainitishi sana. Anayeilipa ni mtu mwenye watoto wadogo, au anayeishi mbali na ukumbi, au aliyekwisha kuiona na anataka kuirudia. Usajili ndio unaoniondolea usingizi, kwa sababu unamfundisha mtazamaji kwamba subira haina gharama. Akishajifunza hivyo kwa filamu tano, ya sita hataulizia tarehe ya ukumbini kabisa. Na sehemu hiyo ya dirisha haionekani kwenye zile siku 17.

Michael O'Leary, mkuu wa chama cha wenye kumbi nchini Marekani, alisimama CinemaCon, mkutano wa kila mwaka wa wenye kumbi, Aprili 2025 akaomba siku 45 ziwe kiwango cha chini kwa wote. Namuunga mkono, ila si kwa sababu kuna muujiza katika 45. Mtazamaji hafuati tarehe za kila studio. Anabeba picha moja tu kichwani, kwamba "zinakuja haraka", na picha hiyo inaziumiza hata filamu zinazokaa ukumbini miezi mitatu. Top Gun: Maverick ilisubiri siku 88 mwaka 2022 na ikapita dola bilioni 1.4 duniani. Wapo waliokuwa wakiahirisha kwenda kwa kudhani ingefika nyumbani mwezi unaofuata.

Ufaransa wamelifanya suala hili kuwa kanuni inayombana kila mtu. Kwa makubaliano ya Januari 2022, filamu haikodishwi wala kuuzwa kwa DVD kabla ya miezi minne. Canal+, televisheni ya kulipia ya huko, inasubiri miezi sita, Netflix 15. Disney, iliyokuwa imepangiwa miezi 17, ilikubali mwaka 2025 kuwekeza zaidi katika filamu za huko ili ipunguziwe hadi tisa. Nafasi kwenye foleni inanunuliwa kwa kuchangia uzalishaji. Kipengele ninachokipenda ni kidogo na hakitajwi sana: filamu iliyouza tiketi zisizozidi 100,000 katika wiki nne za mwanzo inaruhusiwa kukodishwa baada ya miezi mitatu. Iliyokosa watu haishikiliwi bure. Universal nayo iliweka kipimo chake cha milioni 50 mwaka 2020, ila yenyewe ilipima wikendi ya kwanza tu, na filamu inayopanda taratibu kwa watu kuambizana ikahukumiwa kabla haijaanza kutembea.

Waliokufa kimyakimya katika haya yote ni kumbi za mzunguko wa pili, zile za Marekani zilizokuwa zikionyesha filamu ya miezi miwili iliyopita kwa tiketi ya bei ndogo. Biashara yao yote ilikaa ndani ya dirisha. Dirisha lilipofungwa hawakuwa na cha kuonyesha. Na siku filamu inapoanza kukodishwa, nakala safi isiyo na vichwa vya watu wala kikohozi huwa imeshafika kwa maharamia, jambo linaloziumiza kumbi za nchi ambako filamu hiyo bado haijatoka.

Sasa kuna kichekesho. Msambazaji huyohuyo anayewahisha filamu nyumbani anaweza kuutaka ukumbi wa skrini moja uishikilie filamu wiki tatu au nne bila kuchanganya na nyingine, maonyesho yote ya siku. Nimewahi kupangia ukumbi filamu ya namna hiyo. Jumatatu ya wiki ya tatu tangazo la kukodi lilitoka. Ijumaa iliyofuata tulikuwa bado tunaionyesha mara nne kwa siku kwa viti vitupu, kwa sababu ndivyo mkataba ulivyosema, na filamu nyingine ambayo watu walikuwa wanaiuliza mlangoni ilikuwa imekwama kwa kukosa skrini.

Tangu hapo kila mkataba wa kushikilia filamu ninaoupitia nadai sentensi moja iongezwe: siku filamu inapoanza kukodishwa, sharti la maonyesho yote linakufa, na ukumbi unabaki na hiari ya kuipa onyesho moja kwa siku au kuitoa. Wasambazaji wadogo wanaikubali bila shida. Wakubwa wanasema wataipeleka kwa wanasheria. Msimu uliopita mmoja wao aliirudisha ikiwa imesainiwa, bila maelezo, na asilimia ya wiki ya kwanza ikiwa imepanda kwa pointi mbili.