Mwindaji, mzoga na dubu: usalama porini Amerika Kaskazini

Ushauri wa kwanza anaopewa mtu anayeingia kwenye nchi ya dubu ni huu: piga kelele unapotembea, na usiache harufu ya kitu cha kuliwa. Mwindaji huyavunja yote mawili kwa makusudi. Ananyatia bila sauti, tena akiukabili upepo ili mawindo yasimnuse, na anafanya hivyo alfajiri na magharibi, saa ambazo dubu naye yuko mbioni kutafuta riziki. Akiiga mlio wa elki, aina ya kulungu mkubwa anayewindwa huko, huenda anayeitika ni dubu. Akishaangusha mnyama, atainama saa mbili tatu juu ya damu na matumbo. Zaidi ya hayo, msimu wenyewe huangukia vuli, wakati dubu anajinenepesha kabla ya kulala pangoni majira ya baridi na anaweza kula kalori 20,000 au zaidi kwa siku. Kwa hiyo mwindaji hawezi kutegemea ushauri wa mtembeaji wa kawaida. Anahitaji utaratibu wake mwenyewe.

Utaratibu huo unaanza kabla ya risasi kutoka. Jiulize: nyama hii nitaitoa leo kabla ya giza? Dume la elki lina kilo 300 hivi, na mtu mmoja hawezi kulitoa kwa safari moja. Kama jua linazama na uko peke yako, mimi nasema usipige. Mzoga uliolala porini usiku kucha ndio chanzo cha hatari nyingi za kesho yake asubuhi.

Mnyama akishaanguka, mburute hadi mahali peupe ikiwezekana, mbali na vichaka vinavyokuziba macho. Mkiwa wawili, mmoja achune na mwingine akae macho, mgongo kwa mzoga, asishike kisu kabisa. Ukiwa peke yako, inua kichwa kila baada ya dakika chache na utazame pande zote. Kuna njia ya kuchuna ambayo haipasui tumbo: unatoa miguu minne, sarara na nyama ya shingo, matumbo yanabaki ndani. Naipendelea sana kwa sababu inapunguza harufu na muda wa kukaa pale.

Hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Mtu anaona joto, anavua koti na mkanda, dawa ya pilipili, yaani mkebe wa kumpulizia dubu, anaitundika mtini pamoja nao, na bunduki inaegemezwa hatua tano kando. Dubu akitokea, hatua hizo tano ni mbali mno, kwani hukimbia zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Mkebe ukae mwilini, kiunoni au kifuani, hata mikono ikiwa imejaa damu.

Ikibidi nyama ibaki, itenge na matumbo kwa mita 100 au zaidi. Itundike mita 3 kutoka ardhini na zaidi ya mita 1 kutoka kwenye shina, mahali utakapoweza kupaona ukiwa mbali. Ukirudi, simama umbali wa mita 200 hivi, penye mwinuko, utazame kwa darubini. Kisha njoo upepo ukiwa mgongoni, ili harufu yako itangulie, huku ukiita kwa sauti. Kunguru wanaoruka ghafla ni dalili kwamba kuna kitu pale. Ukikuta mzoga umefukiwa kwa udongo na majani, usisogee hata hatua moja zaidi: grizli, aina ya dubu mkubwa, hufukia hivyo chakula alichokwisha kukimiliki, na mara nyingi amelala karibu akikilinda. Nyama hiyo si yako tena. Rudi polepole ulikotoka, kisha uwaarifu maofisa wa wanyamapori.

Sasa dawa yenyewe. Chagua iliyotengenezwa kwa ajili ya dubu, si ile ndogo ya kujikinga na wahalifu. Kiwango cha Marekani ni asilimia 1 hadi 2 ya viini vya ukali wa pilipili, ujazo usiopungua gramu 225, na iruke angalau mita 7.6. Soma tarehe ya mwisho, maana mgandamizo hupungua kadiri miaka inavyopita. Baridi kali nayo huudhoofisha, hivyo usiku wa theluji lala na mkebe karibu. Usiuache ndani ya gari juani, unaweza kupasuka.

Dubu akija, toa kibanio cha usalama, elekeza chini kidogo ya kichwa chake, na anza kupuliza akiwa mita 10 hadi 15. Shabaha ni wingu ambalo atalazimika kulipita. Puliza kwa sekunde moja au mbili, tazama, na akiendelea kuja puliza tena usoni. Utafiti wa Alaska uliochapishwa mwaka 2008, uliopitia matukio ya 1985 hadi 2006, ulionyesha kwamba asilimia 98 ya waliokuwa na dawa hii dubu alipowakaribia hawakujeruhiwa. Bunduki inahitaji shabaha sahihi kwa mnyama anayekuja kasi, wingu halihitaji. Ila usipulizie hema wala begi ukidhani ni kinga: mabaki yake yakikauka humvutia dubu.

Kambini, pika na uhifadhi chakula mita 90 au zaidi kutoka kwenye hema, upande ambao upepo unaelekea. Dawa ya meno, sabuni, chakula cha mbwa na nguo zenye damu ni chakula machoni pa dubu, au tuseme puani. Visiingie hemani.

Mkikutana uso kwa uso, usikimbie. Ongea kwa upole, rudi nyuma taratibu. Kutafuna meno hewani, kupumua kwa kishindo na kupiga ardhi ni vitisho, na mashambulizi mengi ya namna hiyo huishia hatua chache mbele yako. Rangi isikudanganye unapomtambua: dubu mweusi, ambaye ni aina tofauti na grizli, anaweza kuwa wa kahawia hata wa manjano. Tazama nundu ya mabegani, uso uliobonyea na makucha marefu. Hayo ni ya grizli.

Grizli uliyemshtua, au aliye na watoto, akikugusa, lala kifudifudi, miguu umeitanua asikugeuze, vidole umevifumba kisogoni, begi likiwa mgongoni kama ngao. Kaa hivyo hadi uwe na hakika ameondoka, kwa sababu ukisogea mapema atarudi. Dubu mweusi akikushambulia, pigana naye, ukilenga pua na macho. Na dubu yeyote anayekunyemelea kimya, anayeingia hemani usiku, au anayezidi kung'ata ingawa umetulia muda mrefu, huyo anakutaka kwa chakula: pigana kwa chochote kilicho karibu na mkono wako.