Bando Linaisha Mapema: Hela Imekwenda Wapi?

Tarehe 2 Aprili 2021 ilikuwa Ijumaa Kuu. Watanzania wengi walikuwa mapumzikoni, na walipotaka kujiunga na bando kama walivyozoea, wakakuta hela ileile inawapa MB chache kuliko za jana yake. Zogo lililozuka mitandaoni lilikuwa kubwa kiasi kwamba siku hiyohiyo Serikali iliagiza kampuni za simu zirudishe vifurushi vya awali.

Wengi wamesahau kwamba siku ile ndiyo kanuni ndogo za vifurushi zilizotungwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, zilianza kutumika, na zilitungwa kwa sababu ya malalamiko ya wananchi wenyewe. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo watumiaji walikuwa wakiyadai kwa muda mrefu. Mteja aarifiwe matumizi yake yanapofika asilimia 75 na tena asilimia 100. Asihamishwe kwenye bei ya kawaida bila ridhaa yake bando likiisha. Aweze kumhamishia mwingine wa mtandao huohuo salio la kifurushi chake. Tiba ililetwa, lakini ilipofika sokoni ikaja na bei mpya, na bei ndiyo iliyobaki kwenye kumbukumbu za watu.

Sisi tunaofanya kazi ya kuelimisha watumiaji wa huduma za mawasiliano tunalisikia lalamiko moja kuliko yote: "Simu inakula hela." Lalamiko ni la haki, lakini ndani yake mna mambo matatu au manne yasiyofanana, na kila moja lina mhusika wake. Asiyeyatenganisha hupiga kelele kwa mtu asiye na uwezo wa kumsaidia.

Tuanze na kifurushi chenyewe. Bei ya bando haipandi kama bei ya sukari. Bando la shilingi 1,000 linaweza kuendelea kuitwa la shilingi 1,000 miaka nenda rudi, huku ujazo ukipunguzwa, muda ukifupishwa kutoka siku tatu hadi moja, au sehemu ya MB ikitengwa kwa matumizi ya usiku au kwa mitandao ya kijamii peke yake. Kwenye menyu ya simu hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo acha kulinganisha bei, linganisha MB: gawa hela unayolipa kwa idadi ya MB unazoweza kuzitumia kweli. Tuseme bando moja linatoa MB 350 kwa shilingi 1,000 kwa siku moja, na jingine MB 800 kwa shilingi 2,000 kwa wiki. La kwanza linakugharimu karibu shilingi 2.86 kwa MB, la pili shilingi 2.50. Lakini ukiwa mtu wa kutumia MB 400 tu kwa wiki, lile la pili umelipia shilingi 5 kwa kila MB. Na bando likikupa MB 2,000 za kuanzia saa sita za usiku hadi alfajiri, usizihesabu kabisa, isipokuwa kama wewe ni mlinzi wa zamu au mwanafunzi anayekesha.

Shimo kubwa zaidi lipo nje ya bando. Takwimu ambazo TCRA imekuwa ikizitoa zimeonyesha kwamba wastani wa bei ya MB moja ndani ya kifurushi ni kama shilingi 2, na nje ya kifurushi ni zaidi ya shilingi 9. Mara nne na ushee. Simu janja haijui tofauti hiyo. Bando likiisha saa nane usiku na kwenye laini kuna salio la kawaida, programu zinaendelea kujisasisha na picha zinaendelea kupakiwa kana kwamba hakuna lililotokea. Masasisho ya MB 100, ambayo ndani ya bando yangekugharimu shilingi 200, hapo yanakula zaidi ya 900. Asubuhi mwenye simu anaona salio sifuri na kuapa kwamba ameibiwa.

Hapa mteja ana haki ya kuuliza: nani aliniruhusia? Kama hukuridhia kuhamishiwa bei ya kawaida, hilo ni lalamiko halisi. Kama uliridhia siku moja kwa kubonyeza namba fulani kwenye menyu bila kusoma, piga huduma kwa wateja uombe ridhaa hiyo iondolewe. Na kwenye simu yenyewe, zuia masasisho na video zinazojicheza zenyewe pasipokuwa na Wi-Fi. Ukizungumza na huduma kwa wateja, waulize pia umejiunga na huduma gani za kulipia. Miito ya nyimbo, jumbe za michezo, maneno ya faraja kila asubuhi: hizo hukata shilingi mia mia, na wengi hawakumbuki walijiunga lini.

Sasa kodi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayozungumzwa kidogo kuliko inavyostahili. Kwa Tanzania Bara, huduma za simu kwa miaka mingi zimetozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 17, kisha juu yake inakuja Kodi ya Ongezeko la Thamani (VAT), ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Angalia neno "juu yake": VAT inakokotolewa baada ya ushuru kuongezwa, kwa hiyo unalipa kodi hata juu ya kodi. Kwa viwango hivyo, ukinunua vocha ya shilingi 1,000, huduma yenyewe ni kama shilingi 724. Ushuru wa bidhaa unachukua 123, VAT inachukua 153. Yaani zaidi ya robo ya vocha imekwenda Hazina kabla hujasema haloo. Kenya hali ni jamaa na hiyo: ushuru wa muda wa maongezi na data ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20 mwezi Julai 2021, ukarudishwa 15 mwaka 2023, na VAT ya asilimia 16 ipo palepale.

Ugumu wa kodi za simu ni kwamba mkataji anayeonekana ni kampuni. Meseji inatoka kwenye kampuni, salio linapungua kwenye kampuni, na lawama zinaishia hukohuko. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo walilionja hilo kuanzia mwaka 2020, ilipoanzishwa ada ya kusajili simu iliyoitwa RAM. Ilikatwa kwenye salio la mteja moja kwa moja, kidogo kidogo, na kwa mwaka ilifika dola 7 kwa wenye simu za 3G na 4G. Watu wa Goma, Bukavu na Lubumbashi waliweka salio na kuliona likiyeyuka, wakaanza kuulaumu mtandao, ilhali ada ile ilianzishwa na Serikali. Ilipigiwa kelele hadi bungeni na kufutwa mwaka 2022.

Kwetu mfano wake ni tozo ya miamala. Ilianza tarehe 15 Julai 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kwa kila muamala wa kutuma au kutoa fedha kwa simu, ikawekwa juu ya ada ya kampuni iliyokuwapo tangu zamani. Vijiweni vingi vya mawakala wateja waligombana na wakala, mtu ambaye hapati hata senti ya tozo hiyo. Baada ya kelele za wananchi ilipunguzwa kwa asilimia 30 kuanzia Septemba 2021, na Julai 2022 kiwango cha juu kikashushwa hadi shilingi 4,000. Ilipungua kwa sababu mwishowe watu walijua aliyeiweka ni nani.

Kampuni nazo zina hoja zao: mafuta ya jenereta kwenye minara isiyo na umeme, mitambo inayonunuliwa kwa dola. Ni kweli. Lakini zipo gharama zilizoshuka pia, na hizo hazitajwi sana. Malipo ambayo mtandao mmoja unaulipa mwingine kwa kupokea simu ya mteja wake yalikuwa takriban shilingi 35 kwa dakika mwaka 2013. TCRA ikayashusha hatua kwa hatua hadi shilingi 2 mwaka 2022. Ndiyo maana vifurushi vya "mitandao yote" vimejaa siku hizi, na mtu halazimiki tena kutembea na laini tatu. Mtumiaji ana haki ya kuuliza punguzo kama hilo limemfikia kwa kiasi gani, na hoja ya namna hii ina uzito kuliko "mnatuibia".

Ukiwa na lalamiko kuhusu kampuni, anza na kampuni yenyewe kwa namba 100. Usikate simu bila kupewa namba ya kumbukumbu ya lalamiko. Andika tarehe, saa, kiasi kilichokatwa, na usifute meseji ya kujiunga wala ya kuisha kwa bando. Tumeona malalamiko mazuri yakifia hapo kwa sababu ushahidi ulifutwa ili kupata nafasi ya picha za harusi. Usiporidhika, peleka kwa maandishi TCRA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, lipo kwa ajili ya kukushauri na kusemea maslahi yako, na asiyeridhika na uamuzi wa TCRA anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani.

Ule ushuru wa bidhaa, hata hivyo, si wa namba 100 wala si wa TCRA. Uko kwenye sheria, na sheria za kodi hufanyiwa marekebisho kila mwaka kupitia Muswada wa Fedha, baada ya bajeti kusomwa mwezi Juni. Kamati ya Bunge ya Bajeti hupokea maoni ya wadau wakati huo. Kampuni za simu huandaa hoja zao mapema na kuziwasilisha, na haziombei mteja, zinajiombea zenyewe. Mwananchi pia anaruhusiwa kuwasilisha, hata kwa barua ya ukurasa mmoja yenye hesabu ya vocha yake.